Jumba Lililopoteza Nguzo Mbili: Somo la Lugogo, Chini ya Kilima cha Naguru

Askari polisi yeyote aliyepata kutumikia katika Makao Makuu ya Polisi kilimani Naguru, na mpiganaji yeyote aliyesafiri kwa Barabara ya Jinja akielekea mashariki mwa nchi, analijua jumba la maduka la Lugogo. Ukiteremka kutoka Naguru unalikuta karibu na viwanja vya michezo, likiwa na uwanja mpana wa kuegesha magari. Kwa miaka mingi wenyeji wa Kampala hawakuwa na haja ya kulitaja kwa jina lake. Walisema tu kwamba wanakwenda Shoprite au wanakwenda Game, kwa kuwa maduka hayo mawili kutoka Afrika Kusini ndiyo yaliyokuwa nguzo zake. Mwaka 2021 Shoprite ilitangaza kwamba inaondoka Uganda. Mwaka uliofuata Game nayo ikafunga milango yake. Jumba lililojulikana kwa majina mawili likabaki halina hata moja.

Huenda msomaji akauliza: Habari za maduka ya matajiri zamhusu nini askari? Zamhusu sana. Wapo wenzetu wanaokaribia kustaafu ambao wamekwisha kupiga hesabu ya kiinua mgongo chao, na katika hesabu hiyo wameweka chumba cha duka katika jengo fulani la mjini. Wapo waliokopa kwenye vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, ili wake zao wafungue biashara. Wapo pia wenye ndugu kijijini wanaofuga kuku au kulima nyanya za kuuzwa katika maduka hayo makubwa. Jumba la maduka linapodhoofika, hasara haikomi kwa mwenye jumba. Hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie mtu aliyetia humo akiba ya miaka ishirini ya utumishi. Kwa hiyo yafaa tuelewe jumba la namna hii husimama vipi, huanguka kwa sababu gani, na ni njia zipi zinazoweza kulisimamisha tena.

Nguzo na vyumba

Mpango wa majumba haya ulianzia Marekani. Mwaka 1956, huko Edina katika jimbo la Minnesota, lilifunguliwa jumba la Southdale, lililosanifiwa na Victor Gruen, mzaliwa wa Austria. Humo waliwekwa wapangaji wakubwa wawili, na baina yao vikapangwa vyumba vya wafanyabiashara wadogo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mpangaji mkubwa ndiye anayevuta watu. Mpangaji mdogo huwauzia watu hao wakiwa njiani. Kwa sababu hiyo mpangaji mkubwa hupewa nafasi kubwa kwa kodi nafuu kwa kila mita ya mraba, na mdogo hutozwa kodi kubwa zaidi kwa kila mita, kwani kwa hakika ananunua umati ulioletwa na mwenzake.

Mpango huo huleta faida maadamu mkubwa yupo. Siku anayoondoka, mwenye duka la viatu hubaki akilipa kodi ya umati ambao haupo tena. Ataomba apunguziwe. Akikataliwa, atahama. Gharama za pamoja, yaani walinzi, usafi, maji na mafuta ya jenereta, hazipungui kwa sababu vyumba viko wazi. Hugawanywa kwa wachache waliobaki, na kila mmoja wao huona mzigo wake umeongezeka. Ndivyo jumba zima linavyoweza kudhoofika ndani ya miaka miwili, ingawa paa halivuji na kuta hazina ufa.

Aidha, katika nchi zetu gharama ya ulinzi si jambo dogo. Tarehe 11 Julai 2010 magaidi walilipua mabomu katika klabu ya raga ya Kyadondo, ambayo haiko mbali na Lugogo, na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Watu zaidi ya 70 wakauawa. Septemba 2013 jumba la Westgate la Nairobi lilishambuliwa na watu 67 wakauawa. Jumba hilo halikufunguliwa tena mpaka Julai 2015. Tangu hapo ukaguzi wa mifuko na magari malangoni umekuwa sehemu ya maisha ya majumba haya, na gharama yake imo katika bili ya kila mpangaji.

Mali kauli

Hata hivyo, ugaidi haukuua majumba mengi ya maduka katika Afrika Mashariki. Yaliyoua ni madeni, na hasa deni la namna moja ambalo wafanyabiashara wetu hulijua kwa jina la mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa leo kwa ahadi ya kulipiwa baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka kubwa linapokea sukari ya shilingi milioni 100, kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 60. Sukari yote inauzwa kwa siku 15. Kwa siku 45 zilizobaki duka lina fedha taslimu ambazo si zake. Duka lenye nidhamu litaziweka zingoje siku ya malipo. Duka lenye tamaa litazitumia kufungua tawi jipya, na la pili, na la tatu. Matawi hayo yakiuza vizuri, hapatakuwa na kelele. Yakikosa wanunuzi, siku ya 60 itafika na mwenye sukari hatalipwa. Atangoja mwezi, kisha atasimamisha magari yake. Baada yake atafuata mwenye maziwa, kisha mwenye sabuni. Rafu zitaanza kuonyesha mbao zake, na mteja aliyekuja mara mbili bila kupata anachotaka hatakuja mara ya tatu.

Kisa cha Uchumi kinatufundisha zaidi, kwa sababu duka hilo lilianguka mara mbili. Kampuni hiyo ya Kenya ilianzishwa mwaka 1975. Mwaka 2006 ilisimamisha kazi kwa ajili ya madeni, Serikali ya Kenya ikaingilia kati, na maduka yakafunguliwa tena. Mwaka 2011 hisa zake zilirudi katika soko la Nairobi, na watu wakasema mgonjwa amepona. Lakini ilikwisha kurudia tabia ya kujitanua, na Oktoba 2015 ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Kule Garden City, katikati ya Kampala, duka lililokuwa kivutio cha jumba likabaki giza. Wauzaji wa bidhaa wa Uganda walibaki na hati za madai mikononi.

Nakumatt, nayo ya Kenya, ilifuata njia hiyo hiyo. Ilifika Kampala mwaka 2009 katika jumba la Oasis, ikajitanua haraka, na kufikia mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu Nairobi na Kampala pia. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake wakakubaliana kwamba ifungwe kabisa. Tuskys, iliyoonekana kuwa mrithi, ikazama katika madeni ya namna ile ile mwaka 2020.

Sisi Waganda tulikwisha kuonywa mapema kuliko wengine. Mwezi Agosti 1972 Serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yakagawiwa, na wanajeshi wengi walikuwa miongoni mwa waliogawiwa. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi. Wengi wao waliuza yote yaliyokuwa katika rafu, wakahesabu fedha, wakadhani ni faida. Hawakujua bidhaa zilinunuliwa wapi, kwa bei gani, wala kwa makubaliano gani na wenye viwanda. Baada ya miezi michache duka lilibaki kuta tupu, na nchi ikaingia katika zama za magendo na foleni za sukari. Mwanajeshi aliyefundishwa habari za ugavi angepaswa kulitambua jambo hili kabla ya mtu mwingine: risasi zilizomo ghalani ni za mapigano ya leo, na mapigano ya kesho hutegemea njia inayoleta risasi nyingine. Duka pia lina ghala na lina njia. Mafuta mingi walirithi ghala, wakaipoteza njia.

Yaliyotokea Lugogo

Tukirudi chini ya kilima cha Naguru, yafaa tutofautishe. Shoprite na Game hazikuondoka kwa aibu ya kushindwa kuwalipa wenye maziwa. Shoprite, iliyofika Uganda mwaka 2000, ilikuwa inapunguza shughuli zake nje ya Afrika Kusini. Iliondoka Kenya na Nigeria pia, na ilieleza jinsi kuporomoka kwa thamani ya fedha za nchi kadhaa kulivyokula faida yake. Game ilikuwa mali ya Massmart, ambayo Walmart ya Marekani ilinunua zaidi ya nusu ya hisa zake mwaka 2011. Nayo iliamua kuachana na maduka yake ya Afrika Mashariki na Magharibi. Maamuzi hayo yalifanywa mbali sana na Lugogo, na watu waliokuwa wakitazama hesabu za nchi nyingi kwa pamoja. Hata kama duka la Lugogo lingekuwa linauza vizuri kila siku, lisingaliweza kuyazuia. Hiyo ndiyo hatari ya pili ya nguzo moja au mbili: inaweza kung'olewa kwa sababu isiyohusiana kabisa na nyumba inayoishikilia.

Kisha ulikuwako ugonjwa wa korona. Mwishoni mwa Machi 2020 majumba ya maduka yalifungwa kwa amri, isipokuwa maduka ya vyakula. Marufuku ya kutembea usiku ilianza saa 1 jioni, na haikuondolewa mpaka Januari 2022. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walisimama vizuizini usiku ule na wanajua barabara zilivyokuwa kimya. Mwenye duka la vyakula aliendelea kuuza. Mwenye duka la nguo, kinyozi na mwenye mkahawa walikaa nyumbani huku kodi ikiendelea kuhesabiwa. Walipofunguliwa wengi hawakuwa tena na mtaji wa kununua bidhaa mpya.

Jambo la nne ni wakazi. Naguru na Nakawa zilikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2007 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga hapo mji wa kisasa, na Julai 2011 nyumba hizo zilibomolewa. Familia 1,747 zikaondoka. Kwa miaka mingi baada ya hapo sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilibaki bila nyumba zilizoahidiwa. Familia hizo hazikuwa za matajiri. Lakini familia hununua mkate, chumvi, mafuta ya taa na sabuni kila juma, na huja kwa miguu, mvua inyeshe au jua liwake. Mwenye gari anaweza kulipita Lugogo akaenda kwingine. Eneo linapoondolewa watu, maduka yake yote, ya vibanda na ya majumba, hupoteza wanunuzi wa kila siku na kubaki na wa mwisho wa mwezi.

Je, Lugogo ilikufa? La. Mwaka 2021 Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilichukua maduka kadhaa yaliyoachwa na Shoprite, na la Lugogo likiwamo. Nafasi ya Game ikachukuliwa na China Town, duka kubwa la bidhaa za Kichina. Taa zikawaka tena na magari yakarudi uwanjani. Mtu anaweza kusema kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha, kwani jumba limepata nguzo mbili mpya, za kigeni kama zile za kwanza. Sababu zilizoondoa za kwanza bado ziko duniani. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka yao mwezi Aprili 2024 kupinga mfumo wa kodi wa EFRIS, miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo hili pia: kwamba wageni wameingia katika biashara ya rejareja. Taa zinawaka, lakini ugomvi wa nani auze nini haujapatiwa suluhu.

Njia za kufufua

Ziko njia tatu ambazo mwenye jumba, Serikali na wananchi wanaweza kuzifikiri.

Ya kwanza ni kumpa nafasi mfanyabiashara wa nchi. Si mbali na Naguru, huko Ntinda na Nakawa, kampuni ya Kiganda ya Capital Shoppers iliendelea kuuza wakati majina makubwa ya Kenya yalipoporomoka na ya Afrika Kusini yalipofungasha. Hatusemi kwamba mzawa hashindwi. Mafuta mingi walikuwa wazawa. Tunasema kwamba mfanyabiashara ambaye soko lake lote liko hapa hana pa kukimbilia, kwa hiyo atatafuta njia ya kubaki. Siasa ya kununua na kujenga Uganda, iliyopitishwa mwaka 2014, itakuwa maneno matupu ikiwa mwenye asali wa Nakaseke atapata rafu na asipate malipo. Kulipa kwa wakati ndiyo sehemu ya siasa hiyo inayohitaji kusimamiwa kwa nguvu zaidi.

Ya pili ni kugawa nafasi kubwa na kuingiza huduma. Marekani, ambako mpango huu ulizaliwa, duka la Sears lilifilisika mwaka 2018 na J.C. Penney mwaka 2020, na majumba mengi yakabaki magofu. Lakini mjini Nashville jumba la One Hundred Oaks lilikodishwa ghorofa nzima kwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na wagonjwa pamoja na wauguzi wakawa wateja wa maduka ya chini. Mjini Austin jumba la Highland likageuzwa kuwa chuo. Naguru ina hospitali ya rufaa na makao makuu ya polisi. Nakawa ina ofisi kuu za kodi. Watu wanaofika huko kila siku kwa shida zao ni wengi. Maabara, duka la dawa, benki, ofisi ya kupokea maombi ya hati, vyote hivyo vikiwekwa ndani ya jumba la maduka vitaleta watu siku ya Jumanne asubuhi, na si Jumamosi ya mshahara peke yake.

Ya tatu inahusu kodi ya pango. Mfanyabiashara anauza kwa shilingi. Akidaiwa kodi kwa dola, kila shilingi inaposhuka kodi yake hupanda ingawa hajauza zaidi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka kodi iwe kwa shilingi isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Katika makubaliano hayo mdogo mara nyingi hukubali kwa kuwa hana uchaguzi. Mwenye jumba mwenye busara atatoza kiasi cha chini kisichobadilika, na juu yake sehemu ya mauzo, ili siku mbaya ya mpangaji iwe siku mbaya yake pia, na wote wawili watafute dawa mapema.

Kwa mwenzetu anayejiandaa kustaafu

Kabla hujatia kiinua mgongo chako katika chumba cha duka, fanya upelelezi kama ulivyofundishwa. Nenda pale Jumatano saa nne asubuhi, usiende mwisho wa mwezi. Hesabu watu wanaotoka na mifuko, usihesabu wanaotembea tu. Uliza mpangaji mkubwa ni nani na mkataba wake umebakiza miaka mingapi. Simama nyuma ya jengo, mahali magari yanaposhusha mizigo, uzungumze na dereva wa maziwa: atakuambia kama duka lile hulipa baada ya siku 30 au baada ya miezi sita, na jibu lake lina thamani kuliko picha yoyote ya tangazo. Taka uoneshwe bili ya gharama za pamoja ya mwaka uliopita. Soma katika mkataba kodi inahesabiwa kwa fedha gani. Na ukiisha kufungua, bidhaa za mali kauli uziandike katika daftari lake peke yake, ili usije ukala fedha za mtu mwingine ukidhani ni jasho lako.

Lugogo ilipata bahati ya kuwa njia panda, karibu na Naguru, Kololo na Nakawa, ndiyo maana nafasi iliyoachwa wazi ilipata watu wa kuijaza. Majumba mengine yaliyojengwa kando ya mji hayatapata bahati hiyo. Askari aliyelinda mali ya taifa kwa miaka ishirini anastahili kuilinda na yake kwa uangalifu ule ule, na ulinzi huo huanza siku anapouliza maswali, kabla hajatia sahihi.